Nilikuwa natoa masega: uzi wa fundi kuhusu moshi wa Kampala

Fundi_Ndeeba

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za leo.

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Ndeeba. Nilizaliwa Busia, ufundi niliupata Changamwe kule Mombasa, na tangu 2006 niko hapa Kampala nikilala chini ya magari ya watu. Naandika kwa sababu kila mjadala wa moshi ukianza, haupiti muda umeshafika kwenye mwaka wa gari. Gari kuukuu ndilo adui, basi. Sikatai kwamba uzee wa gari una shida zake. Lakini kuna jambo nimelifanya kwa mikono yangu miaka mingi, na mafundi wengi tunalifanya, na hakuna anayelitaja: kutoa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Jumanne iliyopita niliingiziwa magari mawili asubuhi moja. La kwanza ni Hiace ya dizeli ya 1996, taxi ya njia ya Nateete (kwa mgeni: hapa taxi ndiyo matatu au daladala ya kwenu). Ilikuwa inatoa moshi mweusi tii, dereva ameshasimamishwa na afande mara mbili ndani ya wiki. La pili ni Premio ya petroli ya 2007, ya dada mmoja mfanyakazi wa ofisini. Gari safi, rangi bado ina mng'ao, halitoi moshi hata chembe. Malalamiko yake yalikuwa mawili: linakula mafuta kupita kiasi, na mwanawe anayekaa kiti cha nyuma huumwa kichwa wakifika shule.

Nilianza na Hiace. Nikachukua kitambaa cheupe cha pamba, nikakishika mbele ya ekzosi injini ikiwa silensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), nikahesabu dakika moja. Kilitoka na duara jeusi la ukubwa wa kisahani, masizi yanashika vidole. Nikafungua chujio la hewa: limeziba vumbi la barabara mpaka huoni mwanga upande wa pili. Nozeli mbili kati ya nne hazikuwa zinanyunyiza dizeli, zilikuwa zinaimwaga kama bomba lililopasuka. Dizeli ikimwagwa hivyo haiwaki yote, inayobaki ndiyo ule weusi. Nikabadilisha chujio, nozeli nikazipeleka kupimwa na kurekebishwa, nikarudisha muda wa pampu mahali pake. Kitambaa cha pili kilitoka kijivu hafifu. Gari ni lile lile la 1996.

Kisha nikaingia chini ya Premio. Wasiojua masega ni nini: ni lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi, ndani yake kuna udongo wa kauri wenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, umepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kama nyuzi 300, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haijaungua huungua, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Ukiyatoa masega, yote hayo hutoka kama yalivyo. Hutaona kitu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.

Kopo la Premio ile lilikuwa limepasuliwa kwa ubavu, likakombwa, likachomelewa tena. Mshono ulikuwa umeanza kuachia, na hewa ya ekzosi ilikuwa inapanda moja kwa moja chini ya sakafu ya nyuma, pale mtoto anapoweka miguu. Nikausogelea na tochi. Mshono ule niliujua. Nina namna yangu ya kuanzia juu na kumalizia na nukta mbili kubwa, mwalimu wangu wa Changamwe ndiye aliyenifundisha. Gari lile niliwahi kulifanyia kazi 2016 likiwa na mwenye wa kwanza. Aliniambia limekosa nguvu, nikamwambia masega yameziba, nikayatoa. Alipoondoka, mnunuzi wa yale madini, mwenye mizani yake, alikuja akayapima masega na kunilipa. Taa ya cheki injini niliinyamazisha kwa kukiweka kile kipande cha chuma chenye tundu kati ya bomba na sensa ya oksijeni, ili sensa iamini kwamba hewa ni safi.

Yule dada nilimwambia ukweli wote. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Fundi, ni miaka mingapi mwanangu amekuwa akivuta hiyo?" Alilinunua 2019.

Sasa turudi kwenye sheria. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilirekebishwa 2018, ikapiga marufuku kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya kikomo chao ni miaka 8. Hiyo ni sheria ya mlangoni. Gari la 2008 lililoingia 2018 likiwa na miaka 10 lilikuwa halali kabisa. Leo limepita 15 na hakuna anayeliuliza lolote. Ukaguzi wa lazima wa magari uliwahi kuanzishwa, wenye magari wakalalamikia ada, Bunge likausimamisha 2017. Kwa hiyo kinachobaki barabarani ni macho ya afande. Macho yatamkamata mwenye Hiace, na ni haki, lakini Premio itampita afande huyo huyo kila siku na kumwachia sumu isiyoonekana puani.

Ninachodai ni kitu kimoja: kipimwe kinachotoka kwenye bomba. Kila mwaka, kwa kila gari, kwa mashine. Na sisi mafundi tuache kutoa masega. Mimi nimeacha.

Mwl_Bwaise

Fundi, asante kwa kusema, si rahisi.

Mimi nafundisha darasa la tatu, shule yetu iko karibu na barabara kubwa Bwaise. Nikifika saa moja na nusu asubuhi huwa nafuta meza yangu. Saa nne nikiifuta tena kitambaa kinakuwa cheusi, na siyo vumbi jekundu la Kampala tulilolizoea. Huo ni weusi wenye mafuta, maji peke yake hayautoi. Nina watoto watano wenye pumu darasani. Mmoja kati yao mama yake humfungia dawa ya kuvuta kwenye kamba shingoni ili asiipoteze.

Vijana wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao tangu 2015 wanaweka vipimo vya bei nafuu sehemu mbalimbali za jiji, wamenisaidia kuelewa kitu kimoja. Hewa huwa mbaya zaidi asubuhi na jioni, wakati magari yote yako barabarani na hewa imetulia chini. Yaani saa zile zile watoto wanakuja shule na kurudi nyumbani. Na miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti na tena Desemba mpaka Februari, hali huzidi, kwa sababu hakuna mvua ya kuosha hewa.

Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake 2021: chembe ndogo za PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Kampala tunakipita hata kile cha zamani mara kadhaa. Hizo chembe upana wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele, ndiyo maana haziishii puani, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu.

Naomba kuuliza: basi dogo la shule yetu linatoa moshi wa bluu likiwashwa asubuhi, halafu unapotea. Dereva anasema ni kawaida ya gari la zamani. Ni kweli?

Bondi_Nakawa

Fundi nakuheshimu, ila usiuondoe umri kwenye hesabu haraka hivyo.

Mimi nauza magari, niko kwenye bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) Nakawa miaka kumi na moja. Mjapani halitupi gari lake kwa sababu limekufa. Kule kuna ukaguzi wa serikali uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, baadaye kila miaka 2, na kila mara gharama ni kubwa. Gari likizeeka mwenye nalo anaona bora aliuze mnadani, ndipo sisi tunalinunua. Kwa maana nyingine, sisi tunapokea gari pale pale ambapo mwenzetu ameona kulitunza kwa kiwango cha sheria ni ghali. Halafu likifika huku hatulitunzi kabisa.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti 2020: kati ya 2015 na 2018 magari yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi nao mwaka huo huo walichunguza magari yanayopita bandari zao kuja kwetu, wakakuta mengi hayana cheti halali cha ukaguzi. Na kwa Uganda, gari la dizeli lililoingizwa 2017 wastani wa umri wake ulizidi miaka 20. Miaka ishirini! Hiyo ni injini iliyoundwa wakati viwango vya masizi vilikuwa bado vilegevu; hata ukiipa nozeli mpya kuna kiwango haitashuka chini yake, kwa sababu haikuwekewa kifaa chochote cha kuyazuia. Kitambaa chako cha pili kilitoka kijivu, hakikutoka cheupe.

Sheria ya 2018 ilinipunguzia biashara na bado nasema ilikuwa sahihi.

Fundi_Ndeeba

Bondi, hapo umenisahihisha na nakubali. Umri unaweka kikomo cha usafi ambao injini inaweza kufikia. Matunzo ndiyo yanaamua kama itakifikia. Tunahitaji vyote viwili, na cha pili hakina sheria inayofanya kazi.

Mwalimu, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka: usiku oili inadondoka taratibu kwenye silinda, asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Si kawaida. Ukiona bluu mchana kutwa, hasa kwenye mlima, hapo ni ringi za pistoni na gharama ni nyingine. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe mzito usiokwisha injini ikiwa imepata moto, angalia maji ya rejeta yanapungua au la.

Na oili hiyo hiyo ndiyo inayoua masega. Huu ndio ukweli ambao nilipaswa kumwambia yule mteja wa 2016. Masega hayazibi yenyewe. Yanaziba kwa sababu injini inakula oili, au plagi moja haichomi na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya kopo mpaka kauri inayeyuka. Ukiyatoa umeacha ugonjwa palepale, umeondoa tu kilichokuwa kinakuonyesha.

Dereva_Malaba

Niwaambie na sisi wa malori, maana najua tunakuja kwenye midomo ya watu.

Naendesha kutoka Mombasa mpaka Kampala, wakati mwingine nafika Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Foleni ya Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, mnaijua. Kuna siku malori yamejipanga kilomita nyingi na injini zinawaka usiku kucha, kwa sababu ukizima, betri ya zamani inaweza isiwashe asubuhi na foleni itakupita. Tunalala humo humo. Naamka na koo kama nimekula majivu. Mwaka 2012 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitangaza rasmi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi hii barabara alifariki kwa mapafu, na hakuwahi kuvuta sigara. Sisemi ni dizeli, mimi si daktari. Nasema huwa namkumbuka nikiwa kwenye ile foleni.

Mafuta yenyewe yamekuwa bora, hilo lazima lisemwe. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki tulikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Wa zamani tunakumbuka harufu ya kabla ya hapo. Na petroli ya risasi iliondolewa mapema zaidi. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar 2001 na kufikia 2006 ilikuwa imekwisha. Hayo hayakufanywa na dereva mmoja mmoja, yalifanywa na serikali zikakaa meza moja, na kila gari likafaidika siku hiyo hiyo, jipya na kuukuu. Kilichobaki ni wale wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa njiani. Lori langu linanieleza kabla sijamaliza kilomita ishirini.

Ila kuhusu kupima kila mwaka nina hofu. Mwenye Hiace ya 1996 si tajiri. Gari hilo linasomesha watoto wa watu watatu: mwenyewe, dereva na kondakta. Ukimwambia mashine imemkataa, aende wapi? Mara ya kwanza ukaguzi ulikufa kwa sababu watu waliona ni ada tu, hawakuona hewa.

Kijana_Arua

Naunga mkono, ila fundi, kitambaa kinakamata masizi tu. Premio ya yule dada ungeipima kwa kitambaa ingefaulu. Watu wasije wakasoma hapa wakadhani kitambaa cheupe ni cheti.

Jambo la pili, tusisahau kwamba si magari peke yake. Takataka zinachomwa kila mtaa jioni, mkaa uko kila jikoni, na vumbi la barabara zisizo na lami mnalijua. Nilikaa Kalerwe mwaka mmoja; moshi wa majiko na wa barabara ulikuwa hautenganishiki.

La tatu, kwa boda na mabasi njia nyingine ipo. Umeme wetu mwingi unatoka majini: Nalubaale, Bujagali yenye megawati 250 tangu 2012, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa 2024. Boda ya umeme hapa haihamishi moshi kuupeleka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, kama ilivyo nchi nyingine. Basi la umeme la Kayoola limeundwa hapa hapa na kiwanda cha Kiira kiko Jinja. Binamu yangu aliacha boda yake ya Bajaj ya petroli akachukua ya umeme. Jioni akivua jaketi halinuki tena. Mkewe ndiye aliyelitambua hilo kwanza.

Fundi_Ndeeba

Kijana, asante, ni kweli tupu. Kitambaa ni cha masizi ya dizeli tu. Kwa petroli lazima mashine ya kupima gesi, na gereji nyingi hatuna. Ndiyo maana nasema jambo hili haliwezi kuachiwa mafundi na wenye magari peke yao. Kanuni za kitaifa za viwango vya ubora wa hewa zilitoka 2024, kwa hiyo viwango kwenye karatasi vipo. Kinachokosekana ni mahali mwenye Premio atakapoipeleka, aingize bomba kwenye mashine, apewe namba.

Dereva, hofu yako ni yangu pia. Hiace ile gharama yote ya nozeli na chujio haikufika mapato ya siku nne za kazi yake, na dereva amenipigia jana anasema inatumia dizeli pungufu. Angekuwa na mwezi mmoja wa kutengeneza baada ya kukataliwa na mashine, angetengeneza. Ukaguzi wa namna hiyo watu wanaweza kuubeba: namba kwanza, muda wa kurekebisha, na kurudia kupimwa bila kulipa tena. Faini iwe ya mwisho. Ule wa zamani ulianza na ada, na wenye magari wakauona hivyo hivyo.

Juu ya Premio. Masega mapya halisi ni ghali, yule dada hakuweza kwa sasa. Nilikata ule mshono wangu, nikaweka bomba zima lisilovuja, nikabadilisha plagi na sensa, na kile kipande cha kudanganya sensa nikakitoa. Taa ya cheki injini inawaka na nimemwambia iache iwake mpaka masega yapatikane. Ufundi sikumtoza. Tumekubaliana alipe spea kidogo kidogo, nami nitafunga bure. Mtoto anakaa mbele kwa sasa, vioo wazi.

Wiki hii mteja mwingine alikuja na Wish anataka nitoe masega. Nilikataa, akaenda gereji ya jirani. Saa moja baadaye nikasikia grainda. Nimezungumza na fundi yule jioni, tunaheshimiana, hakukasirika. Aliniuliza kama nitamlipa ile pesa ya mnunuzi wa mizani. Sikuwa na jibu la swali hilo, na wala sitamlaumu mtu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe miaka kumi. Mnunuzi huyo ndiye wa kufuatwa. Akikosa kuja Ndeeba, masega yatabaki kwenye magari.

Mwl_Bwaise

Fundi, nimeongea na mwalimu mkuu kuhusu lile basi. Amekubali tulilete. Jumamosi asubuhi upo?

Fundi_Ndeeba

Nipo mwalimu, kuanzia saa mbili. Lakini mkilileta Jumamosi litafika injini imeshapata moto na ule moshi wa bluu nitaukosa. Lileteni Ijumaa jioni lilale hapa, mlinzi yupo. Asubuhi dereva wenu aje aliwashe yeye mwenyewe, mimi nisimame nyuma.

Mwl_Bwaise

Sawa. Ijumaa saa kumi na moja tukishawashusha watoto. Mzee anayeliendesha amesema atakuja, anataka kuona kitambaa.